Upele au fangasi?

SWALI: Mwanangu wa miaka 6 anajikuna usiku kucha. Ana vipele katikati ya vidole na kiunoni, na mdogo wake wa miaka 3 ameanza. Duka la dawa wamesema ni fangasi, wakanipa krimu ya betamethazoni. Hali imezidi.
Mama wa watoto wawili, Tanga

JIBU: Pole sana, mama. Fangasi wa ngozi, yaani choa, huchora duara: ukingo umeinuka na una magamba, katikati pametulia. Muwasho unaozidi usiku, tena kwa watu wawili wa nyumba moja, ni dalili ya upele, ugonjwa wa wadudu wadogo sana wanaochimba ngozi. Mtazame juani katikati ya vidole: ukiona kijistari cha kijivu kilichopindapinda, kirefu milimita chache, hilo ndilo shimo la mdudu. Acha betamethazoni; hupunguza wekundu na kuficha dalili huku wadudu wakizaliana.

Mpake krimu ya permethrini, dawa ya kuua wadudu hao, ya asilimia 5 jioni, kuanzia shingoni hadi nyayoni, hata chini ya kucha. Akinawa mikono, mpake tena. Aoge baada ya kupita muda wa saa 8 hadi 14, na mrudie kumpaka baada ya siku 7. Nyumba nzima ipakwe siku hiyohiyo, hata wasiowashwa. Wengi hukosea hapo. Fueni nguo na mashuka kwa maji ya moto. Muwasho waweza kubaki wiki 2 hadi 4, msiongeze dawa kiholela. Vipele vikitoka usaha, mpeleke zahanati.