Je, inafaa kuripua boti za wauza unga baharini?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Naishi Marekani. Mdogo wangu alifariki kwa dawa za kulevya. Tangu Septemba 2025 jeshi la hapa linaripua boti zinazodaiwa kubeba unga katika bahari ya Karibi. Shambulio la kwanza liliua watu 11. Oktoba Seneti ilikataa kumzuia Rais. Nikiona zile video nafurahi. Je, nina makosa?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullah. Mungu amrehemu mdogo wako, akupe subira. Hasira yako ni ya haki. Baraza la Maulamaa Wakubwa la Saudia, katika azimio nambari 138 la mwaka 1407 Hijria (1987), liliamua kuwa anayeingiza dawa za kulevya nchini auawe, kwa kuwa ni mfanya ufisadi katika ardhi.

Lakini maulamaa haohao walishurutisha kesi ithibitike mbele ya kadhi, ipite rufaa na baraza kuu la mahakama, ndipo auawe. Aliye angani atajuaje nani amebeba unga na nani kaajiriwa kushika mashine tu? Oktoba hiyohiyo watu 2 walinusurika shambulio mojawapo, wakarudishwa kwao Kolombia na Ekwado. Yule wa Ekwado aliachiwa, maana waendesha mashtaka hawakuwa na kosa la kumshitakia. Wenzake wawili waliokufa hawakuulizwa lolote.

Usama bin Zayd alimuua mtu vitani baada ya kutamka shahada, akidhani kaitamka kwa hofu. Mtume (s.a.w.) alimkemea: "Mbona hukuupasua moyo wake ukajua?" Tena Suratul Maida, aya ya 34, inawatoa katika adhabu waliotubu kabla hamjawatia mkononi. Kombora halimwachii mtu nafasi hiyo.

Kuwazuia ni wajibu, na wakipigana wapigwe. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi nje ya pwani ya Kenya, mabaharia wakapanda, wakakamata kilo 1,032 za heroini. Hakuna aliyeuawa.

Ama idhini ya Seneti au Bunge zima, hiyo inamaliza ugomvi wao na Rais. Damu haihalaliki kwa kura. Hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba.

Furaha iliyokujia ghafla kwa uchungu wa msiba, Mungu ni Mwenye kusamehe. Usiishabikie, wala usisambaze hizo video. Mtolee mdogo wako sadaka. Na kwa kuwa unaishi huko, mwandikie seneta wako: wakamatwe, washitakiwe.

Wallahu a'lam.