Chuma cha balkoni kinakaa juu ama chini?

SWALI: Hamjambo wahariri. Nasomea uinjinia mwaka wa pili na wikendi huwa naenda mjengo na mjomba wangu hapa Kayole. Yeye hajawahi kushika kitabu cha fizikia na nyumba zake zote zimesimama, sasa ananiuliza hao kina Galileo ninaokesha nao walijenga nini? Nilikosa jibu. – Mwanafunzi, Kayole

JIBU: Msalimie sana mjomba, swali lake ni la maana, maana hata Galileo alianzia kwa mafundi. Kitabu chake cha 1638 kinafunguka na maongezi kuhusu mafundi wa meli wa Venice, watu walioijua kazi yao kabisa.

Mkiwa sait chukua mbao ya tu bai foo (inchi 2 kwa 4), ilaze juu ya mawe mawili ukanyage katikati, itabonyea, halafu isimamishe kwa ubavu, utaona haitingishiki. Mjomba anajua hivyo tangu zamani. Galileo alileta kipimo, kwamba nguvu ni upana mara kimo mara kimo tena, so ikilala ni 4 mara 2 mara 2, yaani 16, ikisimama ni 2 mara 4 mara 4, 32. Mbao ni ile ile na nguvu imekuwa maradufu!

Lakini kuna mahali aliteleza, na hapo ndipo naipenda hii stori. Alichora boriti imechomekwa ukutani, mzigo unaning'inia mwishoni, balkoni kabisa, akadhani pale ukutani boriti yote inavutwa. Kumbe juu inavutwa na chini inafinywa, na kwa hesabu yake boriti inaonekana ina nguvu mara 3 ya ile iliyo nayo. Coulomb, injinia wa jeshi aliyekuwa amejenga ngome kule kisiwa cha Martinique, akairekebisha 1773, Navier, injinia Mfaransa, akaja kuifundisha Ufaransa, masomo yake yakachapishwa 1826, na ndiyo hayo unakesha nayo.

Sasa mwambie mjomba hivi: konkriti ikivutwa inapasuka, ndio maana tunaweka chuma. Bimu iliyokaa juu ya nguzo mbili inavutwa upande wa chini pale katikati, so chuma kinakaa chini, lakini balkoni inavutwa upande wa juu, na chuma chake lazima kikae juu. Kabla hamjamwaga konkriti hebu pitia hapo uangalie, kwa sababu vijana wakipita na wilbaro wanakikanyaga kinashuka, mkiinue kwanza.