Babu kando ya reli

SWALI: Shikamoo mzee. Kwenye sanduku la marehemu bibi nimekuta picha ya babu mzaa mama, kwenye fremu ya kioo. Amesimama kando ya reli na wenzake wawili. Hapa Nachingwea hakuna reli. Ilipigwa wapi?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Reli ilikuwepo! Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947. Karanga zikagoma, mradi ukaachwa 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, ikang'olewa. Kwa hiyo huenda babu alisimama hapohapo kwenu. Tazama mataruma karibu na miguu yake: kama kokoto ni safi, hazina nyasi, treni zilikuwa bado zinapita.

Nakuomba sana, kama picha imeganda kwenye kioo usiibandue. Ya baba yangu niliivuta kwa pupa, uso wake wote ukabaki kiooni, mkononi nikabaki na kanzu tu. Ipige picha kwa simu kivulini, na kioo chake hivyohivyo. Kisha wapelekee wazee wa hapo wawatambue wale wawili, wiki hii hii, wangali hai.