Muulize Fundi: Spika tano, zote zimenuna

SWALI: Fundi, habari za kazi. Ningekuamkia lakini sijui umri wako. Mimi nina miaka 61, nimestaafu uuguzi mwaka jana. Katika kiinua mgongo changu nilijitengea anasa moja tu: runinga ya inchi 55 na hom thieta yake, spika tano na sabufa. Wanangu walisema bora ninunue friza niuze barafu. Nikawaambia nimesimama wodini miaka 34, sasa ni zamu yangu kukaa.

Mzigo ulifika Tanga salama. Kijana wa jirani akaja kufunga, akaunganisha king'amuzi, akatandaza nyaya mpaka sebule ikawa kama stoo ya fundi umeme. Picha safi. Ila sauti inatoka kwenye runinga yenyewe tu, nyembamba, kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Zile spika tano kimya. Tukichomeka flashi ya kaswida kwenye ile mashine ya hom thieta zinalia mpaka vikombe kabatini vinagongana. Tukirudi kwenye runinga, zimenuna.

Siku ya Simba na Yanga nilikuwa na wageni 14. Mechi tuliitazama kwa sauti ya mtungini mpaka mmoja akafungulia redio. Redio nayo ikawa inatangulia picha, goli tukalishangilia kabla hatujaliona.

Fundi wa mtaani amechukua shilingi 30,000 na kusema mashine imekufa "upande wa runinga". Dukani wanasema niirudishe ikiwa na boksi lake. Boksi wajukuu wamelifanya nyumba, lina mpaka madirisha. Halafu kuna waya mwembamba mweusi ulikuja nayo, tuliujaribu nyuma ya runinga lakini haukai, unadondoka. Kitabu cha maelekezo nimekisoma Kiingereza chake chote, sikuambulia kitu. Je, nimeibiwa?
Mstaafu, Tanga

JIBU: Shikamoo, mama. Mimi nina 47, kwa hiyo ulifanya vyema kutoniamkia.

Hujaibiwa na duka. Zile 30,000 sitazisemea, maana mwenzangu huyo huenda naye ana watoto. Lakini mashine yako ni nzima, na ushahidi umeuandika mwenyewe: kaswida inalia. Mashine inayolia kwa flashi haijafa upande wowote. Kilichopo ni kwamba runinga haijaambiwa itoe sauti nje, na mashine haijaambiwa isikilize runinga. Ni kama majirani wawili, kila mmoja anangoja mwenzake abishe hodi.

Zima vyote ukutani kwanza. Chukua tochi, uende nyuma ya runinga. Utaona matundu mawili au matatu yaliyoandikwa HDMI, yanafanana kama mayai ya kuku mmoja. Hapo ndipo kijana wa jirani alipokwama, na simlaumu. Kwa kawaida ni moja tu kati ya hayo lenye herufi tatu za ziada pembeni, ndogo kuliko maandishi ya kwenye kidonge: ARC. Ukikuta eARC ni hilohilo, ni toleo jipya. Matundu mengine yanapokea tu. Hili la ARC linapokea picha na papo hapo linarudisha sauti kwa kebo ileile. Mtindo huo uliingia na HDMI toleo la 1.4 mwaka 2009, na leo, miaka yote hii baadaye, maandishi yake bado yanawekwa nyuma, gizani, upande unaotazama ukuta. Aliyebuni hivyo hajawahi kuhamisha kabati la sebuleni.

Nakuhakikishia kwa asilimia 90 kwamba kwenye tundu hilo sasa hivi amekaa king'amuzi. Mtoe, mpeleke tundu jingine, picha yake haitapungua chochote. Pale kwenye ARC uweke kebo inayotoka kwenye hom thieta. Na kule kwenye mashine, kebo iingie tundu lililoandikwa HDMI OUT, ambalo nalo litakuwa na neno ARC. Najua neno OUT linakuchanganya, sauti inaingia halafu tundu linasema inatoka. Usibishane nalo. Liliitwa hivyo kwa ajili ya picha.

Washa runinga. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya sauti, utafute mahali pa kuchagua sauti itokee wapi. Itakuwa imesimama kwenye spika za runinga. Ihamishie kwenye HDMI ARC, au kwenye "Receiver", inategemea runinga. Kisha kuna swichi ya pili, na hii ndiyo inayowaliza watu: ile inayoruhusu vyombo viwili kuzungumza kupitia kebo. Jina lake la kitaalamu ni CEC, lakini kila kampuni imelibatiza lake. Kwa Samsung utaliona Anynet+, kwa LG ni Simplink, kwa Sony ni Bravia Sync. Iwashe. Ukimaliza, chomoa runinga na mashine ukutani, kanywe chai, urudi baada ya dakika kama tano, uanze na runinga halafu mashine. Usiulize kwa nini. Mimi nimefunga hizi tangu zilipoanza kuingia na bado nusu ya kazi yangu ni kuchomoa na kuchomeka.

Ikibaki kimya au ikawa inakwaruza, rudi kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, tafuta muundo wa sauti ya kidijitali, uweke PCM. PCM kila mashine inaielewa. Ubaya wake ni kwamba kwa njia hiyo runinga itatuma sauti za pande mbili tu, kushoto na kulia, lakini bora pande mbili kuliko mtungi.

Sasa ule waya mweusi unaodondoka. Huo nilicheka, mama, unisamehe, kwa sababu uliwahi kunitoa jasho mimi fundi mzima mbele ya mteja. Shika ncha yake uitazame kwenye mwanga wa dirisha. Utaona imevaa kikofia cha plastiki kinachopitisha mwanga, kidogo kama punje ya hindi. Watu hudhani ni sehemu ya waya. Ni cha kuzuia vumbi tu. King'oe kwa kucha, ncha zote mbili. Ukiuchomeka waya nacho hauingii hata ukiusukuma kwa goti. Waya huu haupitishi umeme, unapitisha mwanga. Chomeka upande mmoja kwenye runinga iliyowashwa, ule mwingine uulekeze kiganjani: utaona nukta nyekundu. Hiyo nukta ndiyo sauti ya mtangazaji. Upande wa pili ukiingia kwenye mashine, bonyeza rimoti ya mashine mpaka kioo chake kiandike OPTICAL au D.IN. Huu ni mlango wa akiba, HDMI ikigoma. Huihitaji yote miwili kwa mkupuo. Na usiukunje kona kali nyuma ya kabati, kwa ndani unavunjika bila wewe kuona. Kwa njia hii rimoti ya runinga haitapandisha sauti ya spika, utatumia ya mashine.

Ukishapata sauti, nakuonya mapema ili usirudi kwa yule wa 30,000: mechi ikianza, spika mbili za nyuma zinaweza kubaki kimya kabisa. Matangazo mengi yanayopita kwenye king'amuzi yanakuja na sauti ya pande mbili, hakuna kilichotumwa kwa ajili ya nyuma. Rimoti ya mashine ina kitufe cha SURROUND au SOUND MODE. Kibonyeze mpaka spika zote zilie. Kama unataka kujua spika ipi ni nzima na ipi mbovu, tafuta TEST TONE kwenye menyu ya mashine. Kila spika italia "shshsh" kwa zamu yake, kama wanafunzi wakiitwa majina.

Kuhusu zile nyaya za spika, kama mashine yako ina plagi za rangi, fuata rangi tu. Kama ni nyaya mbili tupu za kubana, hakikisha waya wenye mstari umekwenda kwenye kibanio cha rangi ileile kwa spika zote. Ukigeuza spika moja haiungui, italia kama kawaida, lakini karatasi yake itakuwa inavuta ndani wakati ya mwenzake inasukuma nje, na besi inakufa katikati ya chumba. Watu hurudisha mashine nzima dukani kwa kosa hilo. Nyaya zisipokuwa na alama, chomoa spika kwenye mashine kabisa, chukua betri ya saa ya ukutani, ile ya volti 1.5, uguse nyaya zake mbili kwenye vichwa vya betri kwa sekunde moja tu. Weka kidole chepesi juu ya karatasi ya spika. Ikiruka kuja mbele, waya uliokuwa kwenye kichwa cha + ndio wa kibanio chekundu. Ikizama nyuma, ni ule mwingine. Baba mmoja niliyejifunzia kwake alikuwa akifanya hivi macho amefumba, anasikiliza ule mlio wa "tup".

Spika ya katikati ikae chini ya runinga, siyo juu ya kabati la vyombo, kwa sababu ndiyo inayobeba maneno kwenye filamu. Zile za nyuma zikae ubavuni mwa kochi lako, nyuma kidogo ya masikio, juu kidogo ya kichwa ukiwa umekaa.

Sabufa ndiyo yenye fitina. Ukiitupa kwenye kona inanguruma kila kitu, mpaka taarifa ya habari inakuwa ngoma. Kuna njia ya kitoto lakini inafanya kazi: iweke sabufa juu ya kiti chako cha kukalia, piga wimbo wenye besi, kisha wewe utambae sakafuni kuzunguka chumba. Utakaposikia besi imetulia, wala haivumi wala haijapotea, hapo ndipo pa kuihamishia. Hii niliwahi kuifanya kwa mama mkwe. Aliingia na sinia la maandazi akanikuta nimepiga magoti pembeni ya pazia, sikio sakafuni. Aliweka sinia mezani, akatoka bila neno. Kwa umri wako mpe mjukuu atambae, yeye akwambie besi imetulia wapi.

Na vikombe vile vitoe kabatini.

SWALI: Fundi, nimeunganisha spika na runinga kwa blutuzi ili nisichafue sebule kwa nyaya. Shida ni kwamba mtu anafunga mdomo ndipo sauti inakuja. Mke wangu anasema inamtia kichefuchefu.
Msomaji, Kigoma

JIBU: Ndugu yangu, ni hiyo blutuzi. Sauti inafungwa, inarushwa, inafunguliwa, na safari hiyo ina muda wake. Kwa muziki huoni tofauti, kwa midomo ya watu unaiona. Angalia kama runinga yako ina sehemu ya kurekebisha AV SYNC, yaani kulinganisha sauti na picha. Zipo zinazokubali kurekebisha na blutuzi, nyingi hazikubali. Weka kebo, uibandike ukutani na rangi ya ukuta, shemeji atapona. Ukiwa na kebo halafu ikawa kinyume, sauti inatangulia mdomo, basi ni runinga inayochelewa kwa kuipamba picha. Hapo ongeza ucheleweshaji kwenye mashine kidogokidogo huku ukitazama msomaji wa habari, siyo filamu iliyotafsiriwa. Nimewahi kupoteza saa nzima kwenye filamu ambayo midomo na maneno havikuwa vimekutana tangu huko ilikotengenezwa.

SWALI: Kaka, ndugu yangu yupo Marekani anataka kunitumia hom thieta ya maana, anasema kule ni bei poa. Mwingine yupo Muscat. Nipokee ya nani?
Sijui Nimkosee Nani, Unguja

JIBU: Ya Muscat. Umeme wa Oman unaingiliana na wetu na plagi yao ni hiihii ya miguu mitatu ya bapa. Ya Marekani mwambie aigeuze kabla hajailipia, asome kibandiko cha nyuma. Kikisema 100-240V, njoo nayo. Kikisema 120V peke yake, utahitaji transfoma ya kushusha umeme wetu wa volti 230, tena iwe na wati nyingi kuliko mashine yenyewe, na transfoma ya namna hiyo ni nzito kama tofali na inapata moto.

Hili nalijua kwa pua yangu. Shemeji yangu aliniletea moja kutoka kule, nzuri, nyeusi, imefungwa kwenye nguo zake za baridi. Nikaweka adapta ya plagi, nikachomeka bila kusoma kibandiko, mimi ninayesoma vibandiko vya watu kwa malipo. Ilitoa mlio mdogo, kama mtu anapasua karanga, kisha harufu, kisha moshi mwembamba ukapanda taratibu kwenye matundu ya juu. Shemeji huuliza kila Idi kama bado inalia. Huwa namjibu kwamba tunaitunza. Kama anasoma ukurasa huu, basi ndiyo hivyo.