Tafuta Sufuria Inayoisha

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Unasema umemaliza mwezi wa pili kwenye nyumba mpya huko nje ya mji, kazini unatoka umechoka, kupika kila siku huwezi, na kila ukinunua chakula ni ama ghali ama kibaya, siku nyingine vyote viwili. Mwisho ukauliza: "Mama, wewe kila tulipohamia ulikuwa unajuaje pa kula?" Swali hilo limenigusa moyo. Tulihama mara nne ukiwa mdogo, na sikujua kwamba ulikuwa unaniangalia.

Nikujibu moja kwa moja. Sikuwa natafuta mgahawa. Nilikuwa natafuta sufuria inayoisha.

Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilifanya kazi kwenye majiko ya watu kwa miaka tisa. Nilianza na kuosha vyombo, nikaishia kupika. Nilichojifunza kule ni kwamba chakula hakiharibiwi na mpishi mbaya tu, kinaharibiwa na kukaa. Mpishi wa kawaida ambaye sufuria yake inakwisha kabla ya saa nane mchana atakulisha vizuri kuliko fundi mkubwa ambaye chakula chake kimelala. Na bei nayo imefungwa hapo hapo. Katika biashara hii vyakula vyenyewe, yaani mchele, nyama, mafuta, vitunguu, hukadiriwa kuwa kama theluthi moja ya bei unayolipa. Kinachobaki ni pango, mishahara, gesi, umeme, na chakula kinachotupwa. Anayeuza chote alichopika hana cha kutupa, kwa hiyo anaweza kukuuzia kwa bei ndogo na bado akalala amelipa madeni yake. Asiye na wateja lazima akutoze wewe mmoja gharama za meza kumi zilizo tupu, tena akupe cha jana. Ndiyo maana ulikutana na ghali na kibaya kwenye sahani moja. Hukuwa na bahati mbaya, uliingia kwenye jiko lisilo na watu.

Sasa huko pembezoni mwa mji sufuria hizo hazijipangi barabarani zikikusubiri. Barabara kubwa yenye maegesho mapana na vioo ina pango kubwa, na pango hilo wewe ndiye utakayelilipa. Nenda nyuma yake. Tazama safu za maduka madogo, pale penye dobi, saluni, fundi simu, duka la vipuri. Tazama pembeni ya viwanda na gereji, jirani na hospitali, karibu na kituo cha mwisho cha mabasi. Mtaa wa makazi mchana umelala, watu wote wako kazini, hivyo anayepika mchana hupika karibu na wanaofanya kazi. Jioni ndipo majiko ya karibu na nyumba huamka.

Kulikuwa na mwandishi wa magazeti huko Los Angeles aliyeitwa Jonathan Gold. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa bado kijana, aliamua kula katika kila mgahawa wa barabara moja tu, Pico Boulevard, inayokata mji kutoka upande mmoja hadi mwingine. Baadaye aliandika miaka mingi kuhusu migahawa midogo iliyobanwa kwenye safu za maduka ambayo wakosoaji wengine waliipita kwa gari, na mwaka 2007 akawa mkosoaji wa kwanza wa migahawa kupewa tuzo ya Pulitzer, ile tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya Marekani. Namheshimu sana kwa lile la kuchagua barabara moja. Wewe unatafuta mtaa mzima kwa wakati mmoja kwenye simu, ndiyo maana umechoka. Chagua barabara moja unayoweza kuitembea kwa miguu, uimalize, ndipo uende nyingine.

Kuhusu kuuliza watu, nakuomba ubadilishe swali. Ukimwuliza mtu "wapi pana chakula kizuri?" atakutajia alikopeleka wageni siku ya sherehe. Anataka uone ana ladha. Mwulize, "Jana mchana ulikula wapi?" Hapo hana la kupamba. Na usiulize majirani peke yao. Uliza mlinzi wa zamu, dereva wa basi, muuguzi anayetoka kazini asubuhi, mafundi wanaojenga nyumba ya pili. Hao hula nje kila siku kwa pesa yao wenyewe, na pesa yenyewe haitoshi kufanyia majaribio. Wakitaja watatu mahali pamoja, usiendelee kutafuta.

Ukifika, simama kwanza mlangoni. Sikiliza jikoni. Jiko linalofanya kazi lina kelele: kisu kwenye ubao, mafuta yakilia, mtu akiitisha oda. Kisha soma menyu. Nitakuwa mkali kidogo hapa. Mahali padogo penye vyakula sitini kwenye karatasi pananitia wasiwasi. Jiko la watu wawili haliwezi kupika sitini, linaweza kupasha moto sitini. Vyakula sita au nane ndiyo idadi ninayoiamini. Kuna wapishi wa haraka wenye menyu ndefu ambao hubadilisha mchuzi tu juu ya vitu vile vile, hao sina ugomvi nao, ilimradi watu wawe wanaingia na kutoka.

Mahali nilipopapenda kuliko pote katika maisha yetu ya kuhamahama, huenda unapakumbuka, palikuwa nyuma ya gereji. Vitu vitano vimeandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi, na juu ya kaunta kitambaa kimening'inia kwenye msumari. Ilipofika saa saba hivi ulisikia mwiko ukikwangua chini ya sufuria. Yule mama alichukua kitambaa, akafuta jina la kwanza ubaoni, akaosha mikono, akarudi kuhudumia. Saa nane kasoro robo ubao ulikuwa umebaki na maharage tu. Saa nane mlango ulifungwa. Siku ya kwanza nilichelewa nikakuta ubao mtupu, nikarudi nyumbani na njaa lakini moyo umefurahi, kwa sababu nilijua nimepapata. Kesho yake saa sita na nusu nilikuwa wa nne kwenye foleni.

Kwa hiyo saa nayo ni muhimu. Chakula cha mchana kiwahi kati ya saa sita na saa saba na nusu. Cha jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili. Saa kumi alasiri ndiyo saa mbaya: cha mchana kimebaki, cha jioni hakijaanza. Niliwahi kuugua siku tatu kwa samaki niliyemnunua saa kumi mahali pazuri kwa macho, meza zinang'aa, mteja peke yangu. Nilijua, na bado nikanunua kwa uchovu. Uchovu ndio unaokununulia vibaya, mwanangu, kwa hiyo tafuta siku ambayo hujachoka, upate majina matatu ya kutumia siku utakapochoka.

Mara ya kwanza agiza kitu rahisi. Supu, au wali na maharage. Nyama nzuri humficha mpishi mvivu, maharage hayamfichi. Ukiona maharage yameiva sawasawa, chumvi imeingia ndani na si juu, mchuzi mzito bila unga wa kuuongopea, basi rudi kesho uagize kingine. Tazama pia mikono: anayeshika pesa ndiye anayeshika chakula? Katikati ananawa? Miji mingine imekusaidia katika hili. Los Angeles wamekuwa wakibandika herufi za kiwango cha usafi kwenye migahawa tangu 1998, New York tangu 2010, na Uingereza hutoa namba kuanzia 0 hadi 5. Kama huko kwenu upo utaratibu wa namna hiyo, soma kibandiko kabla ya menyu. Mahali pa bei ndogo si lazima pawe pachafu, na wengi ninaowajua walikuwa wasafi kuliko wakubwa, kwa sababu jiko lao liko mbele ya macho ya mteja.

Simu usiitupe, ila ijue. Mwaka 2011 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Michael Luca, alipima migahawa ya Seattle akaona kwamba nyota moja zaidi kwenye Yelp, tovuti ambako wateja huipa migahawa nyota, iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9, na faida hiyo iliwaendea wale wadogo wasio tawi la kampuni kubwa. Pesa zikiwa nyingi hivyo juu ya nyota moja, watu watatengeneza nyota za uongo. Mimi sisomi tathmini za nyota tano wala za nyota moja. Nasoma za nyota tatu, maana mtu wa nyota tatu hana hasira wala undugu na mwenye mgahawa, anakuambia tu kwamba kuku alikuwa mzuri na wali ulikuwa umeshikana. Tazama tarehe, ziwe za miezi ya karibuni. Tazama picha zilizopigwa na wateja mezani, zile za giza giza, uziache za mwenye duka.

Hizi programu za kukuletea chakula mlangoni nazo zina bei yake. Hukata mgahawa kati ya asilimia 15 na 30 ya oda. Wakati wa korona, mwaka 2020, San Francisco na New York ziliingilia kati zikaweka kikomo cha asilimia 15 kwa kupeleka chakula, kwa sababu migahawa ilikuwa inazama. Sasa fikiria mtu ambaye faida yake yote haifiki hapo. Ama atapandisha bei ya kwenye programu, ama atapunguza sahani yako. Juu yake unalipa usafirishaji na huduma. Kwa hiyo ipekue ili ujue nani yuko karibu, halafu funga programu, piga simu, sema "nifungie, nakuja baada ya dakika ishirini." Tazama na anwani. Ukikuta majina matano tofauti yana anwani moja, mara nyingi hilo ni jiko moja lililojipa majina matano, na huenda hakuna kaunta utakayokwenda kuona chochote.

Chakula cha kufunga kina tabia zake. Vya mchuzi, maharage, supu na vya kuoka vinasafiri vizuri. Vya kukaanga vinakufa njiani, mvuke unavilowesha vinalegea, hivyo nunua karibu, na ukishapokea fungua kifuniko kidogo. Omba mchuzi uwekwe peke yake. Na kama umenunua cha kula mara mbili, ambalo ni jambo la akili na hupunguza sana gharama, usikiache mezani mpaka ulale. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje kwa muda unaozidi saa mbili. Cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya 5, na kiporo kipashwe mpaka kitoe mvuke hadi katikati. Wali uuogope zaidi. Una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa, na ukikaa kwenye joto la chumba hutoa sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Uutandaze kwenye chombo kipana upoe haraka, kisha uuingize kwenye friji.

Ukishapata mahali pako, rudi siku ile ile na saa ile ile. Siku ya tatu watakutambua, siku ya sita watakuambia ukweli. Mwulize anayepakua, "Leo wewe umekula kipi?" Jikoni tulikuwa tunajua kila siku kipi cha kula na kipi cha kuacha, na mteja aliyetusalimia kwa heshima tulimwonyesha kwa macho. Lipa bila kuvutana naye. Bei ikiwa tayari ni ndogo, ukiomba apunguze unamwomba ajinyime yeye na watoto wake, na mimi nisingependa ule hivyo.

Ulinitajia ile gereji upande wa pili wa kituo cha mabasi, na moshi unaouona ukipita asubuhi. Mafundi wengi Jumamosi hufanya kazi nusu siku. Nenda Jumamosi hii saa sita na nusu, uwe na chombo chako chenye kifuniko. Kisha uniandikie walikuwa wangapi kwenye foleni, na walikuwa wamevaa nini.

Mama yako