Unataka kutafiti selimundu? Anza kliniki, vinasaba vitafuata

Vijana wengi wanaotamani utafiti wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, huuliza kwanza wapi watajifunza kusoma vinasaba. Ushauri wetu: anza kliniki. Kusoma vinasaba utafundishwa, na hata maabara nyingine inaweza kukufanyia kwa malipo. Kumjua mgonjwa sawasawa na kumfuatilia miaka, hakuna atakayekufanyia. Wagonjwa walioanza kufuatiliwa Muhimbili mwaka 2004 ndio waliowezesha, miaka kumi baadaye, utafiti wa vinasaba vinavyoathiri himoglobini ya kichanga kwa Watanzania.

Hiyo himoglobini ya kichanga, HbF, ndiyo inayowaponza wanafunzi wengi. Mtoto huzaliwa nayo kwa wingi, kisha hushuka. Kwa mwenye selimundu hushuka polepole, na huchukua hadi umri wa miaka 5 hivi kutulia. Ukimweka mtoto wa miezi 10 kwenye jedwali moja na kijana wa miaka 15, utakuwa umepima umri. Aliyeongezewa damu ndani ya miezi 3 bado ana damu ya mtu mwingine mwilini, kwa hiyo asilimia ya HbS (himoglobini ya selimundu) na ya HbF zote zitasoma chini. Anayetumia haidroksiurea, HbF yake imepandishwa na dawa. Na mwenye homa au maumivu makali leo, mtibu kwanza, kisha mpangie tarehe ya mbele ya kutoa sampuli ya utafiti.

Kwa hiyo fomu ijazwe kabla ya sindano, siku hiyohiyo. Usiulize tu, "Aliwahi kuongezewa damu?" Uliza, "Mama, mara ya mwisho kuwekewa damu ilikuwa kabla ya Pasaka au baada?" Mama atakumbuka sikukuu hata kama kadi imepotea.

Kwa mtoto, mililita 2 kwenye tyubu ya EDTA (kizuia damu kuganda), ile ya kifuniko cha zambarau, zinatosha. Ipindue taratibu mara 8 hadi 10. Ukiitikisa, chembe zitapasuka. Ukiona bonge, hata dogo, chukua upya, maana hesabu ya chembe sahani haitaaminika. Hesabu kamili ya damu ifanyike siku ileile. Kwa kipimo cha aina za himoglobini, sampuli inaweza kukaa siku chache kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ya DNA igawe kwenye tyubu ndogo mbili au tatu kabla ya kuigandisha, kwa kuwa kuyeyusha na kugandisha mara kwa mara huikatakata.

Usijenge utafiti juu ya kipimo cha metabisalfaiti peke yake. Kinaonyesha chembe zinazojikunja, lakini hakitenganishi AS (aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu) na SS (aliyerithi kwa wazazi wote wawili, ndiye mgonjwa), na kemikali yake hutengenezwa upya kila siku. Hata mashine nzuri ya kupima aina za himoglobini inahitaji msomaji makini. Mwenye AS huwa na HbS ya asilimia 35 hadi 40 hivi, na HbA yake, himoglobini ya kawaida, huwa nyingi kuliko HbS. Ukikuta HbS imeizidi HbA, usiandike AS. Huenda ni SS aliyeongezewa damu, au amerithi selimundu upande mmoja na beta thalasemia (thalasemia ni hitilafu ya kurithi inayopunguza utengenezaji wa himoglobini) upande wa pili. HbS ikiwa chini ya asilimia 30 kwa mtu wa AS, fikiria alfa thalasemia, iliyoenea sana pwani yetu. Usiidharau: mwaka 2005 watafiti wa Kilifi, Kenya, walionyesha kwamba AS na alfa thalasemia, kila moja peke yake, hukinga dhidi ya malaria kali, lakini zikikutana kwa mtu mmoja kinga hiyo hupotea. Asiyepima alfa thalasemia hangeliona hilo.

Vibali viombe mapema. Tanzania, sampuli zinazokwenda nje zinahitaji ruhusa ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na mkataba wa kuhamisha sampuli, na hilo lisihesabiwe kwa wiki.

La mwisho tunalisisitiza kuliko yote. Ukipima mtoto pamoja na wazazi, majibu yanaweza kuonyesha kwamba baba anayemlea siye aliyemzaa. Amua kabla ya kuchukua damu nani atapewa majibu gani, na liandikwe kwenye fomu ya ridhaa. Kila mzazi apewe majibu yake mwenyewe, faraghani, na mtu aliyefunzwa ushauri nasaha. Pale ambapo majibu ya baba na mtoto hayapatani, rudia kipimo kwanza, kwa sababu lebo zilizobadilishana ni jambo la kawaida, na beta thalasemia ya baba inaweza kumfanya mtoto asome kama SS.