Maboga ya futari: hesabu kuanzia siku ya kuuza, siyo siku ya mvua

Mkuu, umeuliza: una robo eka Mkuranga, mbegu za maboga unazo mkononi, uzipande mvua ya kwanza ya vuli ikidondoka au usubiri udongo ulowe vizuri? Nalima maboga upande huohuo wa Pwani, na kwa zao hili mimi sianzii kwenye mvua. Naanzia siku ya kuuza, kisha narudi nyuma.

Boga letu la ganda gumu, lile linalokaa ndani muda mrefu bila kuoza, linataka miezi mitatu na nusu hadi minne tangu mbegu mpaka kukomaa. Bei nzuri kwetu ni Ramadhani, watu wanapotafuta boga la futari, na Ramadhani kila mwaka inawahi kwa siku 10 au 11. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari, kutegemea kuandama kwa mwezi. Boga linatakiwa liwe limeshakatwa na kukauka kabla ya hapo, kwa hiyo mbegu ziingie shambani mwisho wa Septemba, ukichelewa sana wiki ya kwanza ya Oktoba. Anayesubiri vuli ishike mwezi wa 11 atavuna mfungo unaelekea kwisha au umeshapita.

Najua Septemba udongo ni mkavu. Lakini boga halipandwi shamba zima, linapandwa kwenye shimo, na shimo unaweza kulimwagilia kwa ndoo. Kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, robo eka ni kama mashimo 250. Chimba upana na kina cha sentimita 40 hivi, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza sawasawa (mbichi inaunguza mizizi), mwagia maji, acha wiki nzima ndipo upande. Mchanga wetu haushiki maji, kwa hiyo usiruke samadi wala matandazo ya nyasi.

Kila shimo weka mbegu tatu, kina cha sentimita 2 au 3, usizirundike pamoja. Kwa joto letu zinachomoza ndani ya wiki moja au kuzidi kidogo. Siku hizo usilowanishe shimo kupita kiasi, mbegu itaoza kabla ya kuota. Miche ikiwa na majani halisi mawili au matatu, bakiza mmoja wenye nguvu, mingine ikate kwa mkasi. Ukiing'oa unatikisa mizizi ya mche uliobakiza.

Maua ya kwanza yatapukutika, usishtuke. Hayo ni madume, yanatangulia. Ua jike utalijua kwa kiboga kidogo chini yake. Linafunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, kwa hiyo kama lazima upige dawa, piga jioni, nyuki wakiwa wamerudi. Ukiona viboga vinageuka njano na kudondoka, na nyuki huwaoni, chuma ua dume asubuhi, ondoa petali, paka chavua katikati ya ua jike. Kazi ndogo, na inaokoa mavuno. Kiboga kikishashika, kifunike kwa nyasi au gazeti, maana inzi wa matunda hutoboa ganda likiwa bado laini na kutaga mayai ndani.

Majani nyumbani watayataka kwa mboga, na ni haki yao. Chumeni machache kwenye kila mmea, na matunda yakishaanza kunenepa muuache mmea utulie, kwa sababu majani hayohayo ndiyo yanayolisha boga.

Ukichelewa vuli, mimi ningekushauri usipande Machi. Maua yatakutana na masika yenyewe, nyuki hawatoki, na boga linalolalia udongo wa maji linaozea hapohapo. Panda masika yakianza kupungua, Mei hivi, na uwe na maji ya kumalizia.

Kuvuna usiongozwe na ukubwa. Bonyeza ganda kwa ukucha: usipoingia na kikonyo kimekauka, kata, ukiacha kikonyo kirefu kama kidole. Boga lililong'oka kikonyo linaozea palepale penye kidonda, hilo lipikeni nyumbani wiki hiyohiyo. Mengine yapange kivulini penye hewa, juu ya vichanja, yasigusane, mpaka wanunuzi waanze kupiga simu.